Makori Atambua Difu Yake

Makori wa Keumbu hakuwa na shamba la kutajwa. Alikuwa na pikapu. Kuukuu, ndiyo, lakini ndiyo iliyobeba ndizi za watu hadi Kisii na kusomesha watoto wake. Mwaka wa 1974 ikaibwa nje ya kanisa, Jumamosi, siku yao ya Sabato, yeye yumo ndani anaimba.

Miezi minne alikanyaga njia ya kituo cha polisi mpaka soli zikaisha. Mwishowe akaitwa: kuna pikapu imekamatwa, aje aitambue. Mkewe, Nyangate, akamfungia ndizi za kuchemsha.

"Baba Gesare, leo utarudi ukiendesha," akamwambia. Naye akasadiki, maskini.

Pale kituoni moyo ukamfa. Bodi halikuwa lake. Injini haikuwa yake, wala viti. Alikwisha kugeuka aondoke alipoinama, akaona lile bakuli la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, lenye meno yanayogeuza magurudumu. Difu! Miaka mitatu nyuma difu ya kwanza ilivunjika katika mlima wa Ikonge, na fundi Osman akamfungia nyingine aliyoitoa kwenye lori dogo bovu. Tangu hapo pikapu ilitambaa tambarare watu wakiicheka, ila mlima iliupanda na mzigo wake bila kulalamika.

"Afande, hii difu ni yangu."

Sajenti akacheka. "Mzee, difu zote si zinafanana?"

"Hapana. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma. Yazungushwe pamoja mara moja tu, halafu tuhesabu mizunguko ya propela, hili bomba refu linaloleta nguvu ya injini huku nyuma. Difu ya pikapu kama hii inazungusha propela karibu mara nne. Yangu itapita tano."

Wakapiga jeki. Makori akatia alama za chaki kwenye gurudumu na kwenye propela. Polisi wawili wakazungusha, yeye amelala chini, anahesabu kwa sauti. Tatu. Nne. Tano, na nusu hivi! Akatoka huko chini na grisi usoni, anacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya wizi. Laiti angenyamaza!

Sajenti alikuwa keshafungua faili. Akaandika: gari limetambuliwa na mwenyewe, limepatikana. Akaifunga.

"Afande, nimesema difu! Gari lenyewe bado liko kwa wezi."

"Umesema ni yako mbele ya mashahidi. Bodi na injini wezi wamevitoa kwenye magari mengine, vina wenyewe, walikuja jana. Sisi hatutafuti kitu kimeshapatikana, mzee."

Alisihi mpaka sauti ikamkauka. Jioni wakamfungulia ekseli yenye difu yake, akaipakia kwenye mkokoteni wa kukodi.

Nyangate alisikia magurudumu yakikata kona, akatoka mbio, kitambaa kikamdondoka kichwani. Akasimama.

"Na gari, Baba Gesare?"

"Limepatikana," Makori akasema. Akaketi juu ya difu, akalia mbele ya watoto wake.