Aliyefukiza Mtungi wa Plastiki

Msomaji wangu, Jumatatu nilipofika sokoni hapa Garissa niliambiwa kwamba mama aliyeniuzia maziwa ya ngamia tangu nihamie mji huu amefariki, na kwamba ameshazikwa. Desturi ya huku haimweki maiti akisubiri wachelewaji kama mimi. Nilimwita eddo, yaani shangazi, kama walivyomwita majirani zake, ingawa mimi ni mtu wa bara niliyeletwa na ualimu. Nimehuzunika sana, na sitajifanya mkavu mbele yako.

Maziwa yake yalitoka malishoni upande wa Bura, yakaja kwa lori. Zamani aliyatia katika vyombo vya kusukwa, ambavyo wanawake wa huku huvifukiza kwa makaa ya kuni zenye harufu nzuri ili maziwa yakawie kuharibika na yashike ladha ya moshi. Miaka hii ya tisini ikatuletea mitungi ya plastiki, miepesi, isiyomwaga hata lori likirukaruka, naye akaihamia kama wenzake. Lakini wanunuzi walitaka moshi wao. Siku moja nikamkuta uani akitumbukiza makaa ndani ya mtungi wa plastiki na kuutikisa mbiombio usije ukatoboka. Bega la mtungi lilikuwa limelegea na kubonyea. Nikamtania, "Eddo, leo unapika mtungi?" Akacheka. "Wallahi mwalimu, hii blastiki nayo ni chombo. Maziwa bila moshi nani atakunywa?" Na kabla ya kumpimia mtu, alikunywa yeye kwanza kutoka kila mtungi, mnunuzi akimtazama. Hakuwahi kuuza alichokuwa hajakionja.

Mwaka jana tumbo lake likagoma. Akila kidogo alivimbiwa, na chakula kilikaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga. Nilimsindikiza hospitalini, na daktari akamweleza kwa upole kwamba utumbo una mishipa yake yenyewe ya fahamu, ndiyo inayosukuma chakula, na kwamba yake imezubaa. Nilipomtajia habari ya makaa na plastiki, akasema plastiki ikipata moto hutoa kemikali, na wapo wataalamu wanaoshuku kwamba baadhi yake huidhuru mishipa hiyo, ila yeye hana kipimo cha kuthibitisha. Nilidhani eddo atauliza kama atapona. Akauliza, "Na wale mimi nauzia?"

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Eddo alikitembeza kibaya chake mwenyewe, mlango kwa mlango, mkono mmoja umeshika tumbo, akiwaambia wateja alichoambiwa. Wauzaji wenzake walimjia juu. "Unafunga soko yetu kwa maneno ya labda!" mmoja alimfokea. Akamjibu, "Hata mimi nasema labda, walaal, ndugu yangu. Lakini lazima wajue." Akarudia vyombo vya kusukwa, akauza kidogo tu. Nami hujiuliza: waliotuuzia mitungi ile, ni nani kati yao aliyewahi kuja kuuliza tunaitumiaje? Chombo kipya kilitufikia peke yake, bila mtu wa kutuambia tabia zake, nasi tukakipokea kwa mila tuliyokuwa nayo.

Nilimwona mara ya mwisho amelala mkekani, amekonda, binti yake akimlowesha midomo kwa maji. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumfariji. Hakunipa nafasi. Akanishika kifundo cha mkono, akauliza polepole, "Mwalimu, tumbo yako wewe inafanya kazi?" Nikamwambia inafanya, eddo, inafanya vizuri kabisa. "Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho kupumzika. Sisi tunaouza, tunaofundisha na tunaoandika magazetini hutia vitu ndani ya watu kila siku, kisha tukaenda zetu. Angalau tujifunze kurudi kuwauliza wanaendeleaje.