Mtaimbo Mlangoni mwa Shimo

Nilimvunja shemeji yangu mkono kwa mtaimbo, saa nne asubuhi, watu kumi wakiangalia. Nasema hili mapema kwa sababu nikianza kwa kueleza, watu hudhani natafuta huruma. Huruma ya nini? Nilimpiga nikiwa na akili zangu timamu, na hata mkono niliuchagua: wa kushoto, ule asioutegemea sana.

Mimi ni mtu wa kompresa katika shimo moja la vito, mawe ya kijani ya thamani, upande wa Kasighau. Kompresa ndiyo mashine inayosukuma upepo kwenye drili, na drili ndiyo inayotoboa mwamba ili baruti iingie. Shemeji, mdogo wake mke wangu, nilimtafutia kazi hiyo mimi mwenyewe baada ya kukaa nyumbani mwaka mzima bila kitu cha kufanya. Siku niliyokwenda kumchukua huko milimani, mama yao aliniita. Alizungumza akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu katika nyumba ile mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawashikani mkono. Mumewe alimalizia nguvu zake kwenye shamba la mkonge, chumba cha brashi wanakosafishia nyuzi, vumbi likimkaa mpaka kwenye kope. Alikufa akiwa ameketi, kwa sababu akilala pumzi zilikataa kabisa.

"Baba yao walinirudishia kifua kimekwisha," akaniambia kupitia mlango. "Huyu nirudishie akiwa anapumua."

Nikasema ndiyo, mama. Ahadi kwa mama mkwe si maneno ya kutupa njiani.

Pale shimoni kuna kinachoua kuliko mwamba kukuangukia. Baruti ikilia, chini hubaki moshi, na hata moshi ukipotea machoni, hewa yake mbaya hubaki imelala mle ndani. Huioni. Kila mtu alijua ni vizuri kungoja, na hakuna aliyengoja. Anayefika wa kwanza na tochi ndiye anayekiona kijani, na wa pili atakuta hadithi tu. Kwa hiyo baruti ilikuwa haijamaliza kunguruma na wanaume wazima wanasukumana mlangoni, kila mmoja amejifunga leso yenye maji puani, wakiiamini ile leso. Leso ya kufutia jasho! Ukingoja, wewe ndiye mjinga wao wa siku hiyo.

Mzee mmoja wa kutoka magharibi, aliyewahi kuwa fundi wa reli, ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Siku moja aliingia wa kwanza na hakutoka. Tulimvuta kwa kamba iliyofungwa miguuni, kichwa kikigonga kila jiwe, na kila kilipogonga nilijua hasikii. Midomo ilikuwa ya bluu na povu lilikuwa na damu. Nilimpiga makofi, nikamkandamiza kifua, nikamtukana ili akasirike aamke. Wapi. Mwenye shimo akanunua mbuzi, akachinjwa pale mlangoni, wakasema mlima ulikuwa na njaa. Kesho yake baruti ililia kama kawaida na watu wakasukumana kama kawaida, wakiiruka damu ya mbuzi.

Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Ndipo nikasikia kuna mafunzo ya usalama kazini, Voi mjini, siku moja, bure. Mwanamke aliyetufundisha hakuwa na maneno mengi. Alisema drili imwagiwe maji ili vumbi lisiruke, na mimi nikaona aibu nikikumbuka mavumbi yote niliyowapulizia wenzangu. Alisema leso haizuii hewa ya baruti hata kidogo. Nikamuuliza kama kompresa yangu inaweza kuifukuza. Akasema peleka upepo ndani, na watu wakae nje angalau nusu saa, zaidi ikiwa shimo ni refu. Niliporudi nikamwambia mwenye shimo, naye akauliza dizeli ya kupulizia mashetani nitaitoa wapi. Wenzangu walicheka, wakaniita daktari wa moshi. Shemeji alicheka kuliko wote.

Siku yenyewe, mwamba ulikuwa umeonyesha kijani tangu jana yake, mstari mwembamba unaong'aa. Hakuna aliyekula vizuri. Kabla ya baruti nilifunga mpira wa kompresa ukutani, nusu ya safari ya kwenda chini, nikamwambia kila mtu kwamba leo hakuna kuingia mpaka niseme. Wakaniitikia kama unavyomwitikia mlevi. Baruti ikalia. Nikawasha kompresa, nikafungulia upepo wote, nikachukua mtaimbo na kusimama mlangoni. Mlango ule ni mwembamba, hupita mtu mmoja mmoja.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji. Alinisihi kwanza, kisha akacheka, kisha akanisukuma kwa bega. Nikamrudisha kwa teke. Akainuka na jiwe mkononi. Nyuma yake watu wanasukuma, wanapiga kelele kwamba mimi na yeye tumepanga mchezo ili tuingie sisi wawili peke yetu.

"Shemeji," akaniambia, "wewe huwezi kunipiga."

Na kweli nilikuwa sijawahi. Akanyoosha mkono wa kushoto anisukume uso, nami nikashusha mtaimbo. Mfupa ukalia. Nimesikia mawe mengi yakipasuka maishani, lakini sauti ile naijua hata nikiwa usingizini.

Hapo wakaniangukia wote. Ngumi, mateke, mpini wa koleo. Jino la mbele lilitoka, na mbavu mbili hazijawahi kukaa sawa tena. Nilianguka nikauziba mlango kwa mwili wangu, nikamshika mmoja mguu kwa meno, yale yaliyobaki. Walipochoka kunipiga wakaanza kupigana wenyewe juu ya nani aingie kwanza, maana sasa hakuna aliyemwamini mwenziwe. Mmoja alipasuliwa sikio kwa chupa ya chuma ya maji. Muda wote huo kompresa ilikuwa inanguruma, na katika hasira zao hakuna aliyekumbuka kuizima. Mimi niko chini, damu machoni, naomba Mungu wasichoke upesi. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuomba dua ya namna hiyo.

Mwishowe walinivuta kando kwa miguu, wakaingia. Walichokora huko chini, wakatoka wote na vipande viwili vilivyopasuka, visivyofaa kitu. Hakuna aliyekohoa. Mmoja akaja akasimama juu yangu.

"Umeona? Hakukuwa na kitu. Umemvunja mtoto wa watu mkono bure."

Hilo liliniuma kuliko mbavu. Angekufa hata mmoja wangenisikiliza. Kwa kuwa hakufa mtu, nilikuwa mwendawazimu mwenye mtaimbo.

Ukoo wa shemeji ukaniita kwenye kikao huko milimani. Nilikwenda na mbuzi wa faini, uso bado umevimba. Mashahidi walieleza kwamba waliingia, wakatoka wazima, na hewa ilikuwa safi. Nikaulizwa kama nina ushahidi wowote kwamba kulikuwa na hewa mbaya. Ningeleta nini? Nilikuwa nimeshaifukuza. Nikasema sina. Shemeji alikuwa kwenye benchi, plasta mpaka kiwikoni, hanitazami. Mzee mmoja alijaribu kunitetea, akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, wakamwambia anaongea hivyo kwa sababu mkono si wake. Mbuzi akachinjwa.

Nilipokuwa nanawa ili niondoke, mlango wa jikoni ulifunguka na mama mkwe akatoka mbele ya watu wote. Wazee waligeuza nyuso, maana alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu. Akanishika mkono wa kulia, mbele yao, akaugeuza akaangalia kiganja.

"Ni huu uliompiga?"

"Ni huu, mama."

Akamtazama mwanawe pale kwenye benchi, kifua kikipanda na kushuka kwa hasira. Kisha akasema, kila mtu akisikia:

"Akijaribu tena kuingia, mvunje na ule mwingine."

Mwenye shimo alinirudisha kazini kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza ile kompresa. Shemeji naye alirudi plasta ilipotoka. Mkono umepona ukiwa umepinda kidogo, na salamu yangu haitikii mpaka leo. Lakini baruti ikilia hukaa juu ya jiwe, mbali na mlango, na wenzake wakimwona amekaa nao hukaa, kila mmoja akimchunga mwenziwe. Mimi napuliza upepo, mtaimbo uko kando yangu. Shemeji ananitazama amenuna, na anapumua.