Mwanamke Aliyebaki Jikoni Rhotia

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yamenipata mimi, hapa hapa Karatu, nikiwa na akili zangu zote.

Kwanza uielewe kazi yangu, maana hata mdogo wangu Boay alidhani nashinda mtandaoni nikisoma umbea. Nyumba ikitaka kuuzwa hupigwa picha, na picha husafishwa: anga linang'arishwa, ndoo na nguo za kambani zinafutwa. Siku hizi hilo halifanywi na mtu. Linafanywa na wakala, yaani programu ya akili bandia inayojichagulia zana yenyewe. Mimi namwandikia wakala maelezo ya kila zana: inafanya nini, itumike lini, iachwe lini. Hajui kukisia ulichokuwa nacho moyoni. Anafuata ulichoandika, basi.

Mama alipofariki, nyumba yake ya Rhotia ilibaki tupu na mvua ikaanza kupenya kwenye paa. Boay anaishi Mwanza, mimi nimepanga mjini. Tukakubaliana tuiuze. Boay akaja, akapiga picha kwa simu yangu, akarudi zake Mwanza, nami nikamkabidhi wakala azisafishe. Kwenye zana ya kufutia nilikuwa nimeandika, "Ondoa kila kitu ambacho si sehemu ya nyumba." Nilijiona nimeandika vizuri sana.

Picha ya jiko ilirudi safi. Masufuria hayapo, kalenda haipo. Ila mama yupo! Amekaa kwenye kigoda chake, ungo mapajani, anachambua maharage. Nikafungua picha ya mwanzo, ile aliyopiga Boay. Haina mtu. Chini yake wakala alikuwa ameacha taarifa, kama anavyofanya kila akimaliza kazi: "Vitu vyote vimeondolewa. Mwanamke ameachwa kwa kuwa ni sehemu ya nyumba."

Wewe ungefanya nini? Mimi nililia kwanza. Kisha nikaita bodaboda.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Ngorongoro mpaka barabarani, dereva akawa anapiga honi kila kona. Nilifungua mlango wa jiko. Niamini, alikuwepo. Amevaa sweta lile la kijani tulilomzika nalo.

"Umekuja, mama," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Umekula?"

Mtu amezikwa, na bado anauliza kama nimekula!

"Mama, mbona uko hapa?"

"Nitatokaje? Kila Jumapili ukitoka kanisani unakuja kukaa hapo mlangoni unanililia. Nikitaka kupita, nakuta umeziba." Akapepeta ungo kidogo. "Nimechoka, mwanangu. Nyumba hii inataka watoto wa kupiga kelele. Waacheni waje. Na mimi uniache niende."

"Nikuache vipi?"

"Hicho chombo chako si kimeniona? Basi kiambie."

Nikamsihi angoje walau Boay arudi. Akatikisa kichwa. Nikaomba mkono wake, akanipa. Ulikuwa wa baridi, una vumbi la maharage. Nikaketi chini miguuni pake, nikaandika huku machozi yakidondokea simu: "Ondoa mtu yeyote, hata kama ni sehemu ya nyumba." Nikatuma. Nilipoinua macho, kigoda kilikuwa kitupu.

Wakala akajibu papo hapo: "Mwanamke ameondolewa kwenye picha zote."

Nikadhani ni picha zote za ile nyumba. Jioni nikataka kumwona tena, nikafungua picha za mahafali yangu. Nimesimama nimekumbatia hewa. Harusi ya Boay, anamlisha mama keki, na mama hayupo. Nikasema ni simu, simu zina mambo yake. Kisha Boay akapiga kutoka Mwanza.

"Dada, nani amechezea picha ya mama ukutani kwangu?"

Ile ya karatasi, ya kwenye fremu, iliyochapwa studio kabla mimi sijajua kompyuta ni nini. Kiti kipo, maua yapo. Nilimweleza yote. Hakunitukana. Alilia tu, nami nikalia, mpaka salio likaisha.

Nyumba iliuzwa. Nikipita Rhotia nawasikia watoto wakikimbizana pale uani, na najua mama alitaka hivyo. Nashukuru. Lakini inaniuma, tena inaniuma sana.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukipewa chombo kinachotii kila unachokiambia, usiishie kukiambia kifanye nini. Kiambie na pa kukomea. Mimi sikukiambia. Sasa kila nikifumba macho nimtafute mama, naliona jiko tu. Safi, lina mwanga mzuri, halina mtu.