Kamba Haiazimwi

Siku yangu ya kwanza kwenye kikosi cha kukata miti, Foreman, mkuu wa kikosi, hakunipa msumeno. Alinitupia kamba, akaniamuru niipapase yote, inchi kwa inchi. "Mti hauna kosa," alisema. "Anayeua watu hapa ni mjinga aliyeamini kamba iliyochubuka." Nilichukia kazi hiyo asubuhi nzima.

Nilihudumu mtaa wa Ziwani, kisha Pumwani. Mitaani humu gogo haliangushwi hivi hivi, maana chini kuna mabati, na chini ya mabati kuna watu. Tunalifunga, tunalikata, tunalishusha polepole. Kamba hupitia kwenye kapi, yaani gurudumu linalofungwa mtini, isisuguliwe na gome. Ikigusa ukuta, unaweka gunia katikati.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipewa wanagenzi niwafundishe. Jamani! Nilisema hadi koo likakauka: kamba haikanyagwi, haiburutwi kwenye kokoto, haiazimwi. Sikio la kufa halisikii dawa. Afadhali Ochieng', baba wa watoto wawili, aliyejitahidi. Bila cheti cha mafunzo hayo hangeajiriwa popote.

Jumatatu moja tulikuwa tukishusha gogo la mkaratusi juu ya kibanda cha Mama Mwende, fundi wa nguo. Tulikuwa tumemtoa nje, Mungu ni mkubwa. Kamba ilikatika. Gogo likapasua mabati na kuivunja cherehani yake.

Niliokota ncha ya kamba. Nyuzi zilikuwa zimelika, zimejaa vumbi la saruji.

"Nani alitoa hii stoo?"

"Ni mimi, Mzee," Ochieng' alijibu. "Jana nili—"

Sikumwacha amalize. Nilimfokea mbele ya umati, kisha nikatoa kalamu na kuanza kumwandikia Msimamizi wa mafunzo kwamba Ochieng' afukuzwe mafunzoni.

"Mzee, pole, lakini ni ile sofa ya binti yako, kule Huruma," alisema kwa sauti ya chini. "Ulituambia tulete kamba. Na stoo hakuna kamba ingine."

Nilikumbuka. Ngazi za gorofa ile ni nyembamba, kwa hiyo sofa ilivutwa kwa kamba kupitia ukingo wa saruji wa roshani. Nilikuwa juu na kikombe cha chai, nikipiga kelele wasikwaruze kitambaa. Kamba sikuiangalia baada ya sofa kupanda, wala asubuhi hiyo ya Jumatatu.

Nililifuta jina lake, nikaandika langu.

Nimestaafu sasa. Ochieng' ana cheti, Mama Mwende ana cherehani nyingine. Nikimtembelea binti yangu, hunikaribisha kwenye sofa. Mimi huomba stuli.