Kisiwa Chini ya Pamba

Ofisi ya hifadhi ya nyaraka inawatangazia wananchi wote kwamba ramani kongwe ya ziwa imesafishwa kikamilifu, na kwamba hakuna doa, alama wala uchafu wowote uliosalia juu yake. Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni kabla kazi haijaanza, ili lisije likachelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Bi Pamba. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hakuonekana bila kibonge cha pamba mkononi. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, likipumzika. Ramani ile aliijua kama sebule yake. Katikati ya ziwa palikuwa na kisiwa cha rangi ya udongo, na wajuzi walikuwa wamekiheshimu ipasavyo: mchoraji wa kwanza aliyeinakili ramani alikitia minazi, aliyemnakili huyo akakitia bandari, na wa tatu, ambaye hata ziwa hakuwahi kuliona, akaandika pembeni kwamba wenyeji wake ni wakarimu.

Bi Pamba hakuwa na ugomvi na wenyeji hao. Yeye na marehemu mumewe, fundi saa, walihamia huko zamani. Enzi za uhai wake, mume alipomfuata kazini jioni, aliinama juu ya ramani mezani, mikono nyuma, kwa kuwa alikatazwa kugusa.

"Bibie, hapa kusini ndipo pa kujenga."

"Kaskazini kuna upepo."

"Upepo utakula? Hapa baraza, pale kisima. Mama mkwe tutampa bandari, awapokee wageni."

"Na mama yako je?"

"Yule hajui kuogelea. Atabaki nchi kavu, masikini."

Tangu amzike, Bi Pamba alivuka peke yake, mchana kweupe, dirisha wazi, karatasi ikinukia vumbi tamu. Maji hayakuwa na sauti. Kila mara alimkuta mumewe barazani, saa imefunguliwa mapajani, wala haina haraka ya kusema ni saa ngapi.

Siku ya kazi alilowesha pamba, akaipitisha taratibu kwenye ufukwe wa kaskazini. Ufukwe ukaja na pamba. Wino wa kale haubanduki kwa maji, kahawa hubanduka. Mtu fulani, enzi hizo, alikuwa amenywea kahawa yake juu ya ziwa, na watu wazima wenye akili zao wakajenga bandari juu ya tone.

Mkono ukasimama. Pamba ingeshuka kidogo tu, na yule wa barazani naye angekwenda na maji.

Mkuu wa ofisi akachungulia mlangoni, akaiona pamba imegeuka rangi ya udongo. "Vipi, Bi Pamba? Kumbe kuna doa?"

"Lilikuwapo, mkuu."

"Litoe lote basi. Tangazo lishatoka, usije ukatuvua nguo mbele za watu."

"La kutoka limeshatoka."

"Na hicho kilichobaki?"

Bi Pamba akakitazama kitambo. "Hicho ni kisiwa."

Mkuu akavaa miwani, akainama, akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kufika. "Aa, kisiwa. Hicho usikiguse."

Sasa ramani imetundikwa ukumbini, na tangazo limetundikwa chini yake. Kusini mwa lile tone la zamani pamebaki kipande chembamba, cha kutosha nyumba moja na baraza. Kisima hakikupata nafasi.