Mipaka Niliyoing'oa Patsy

Nikilikumbuka jambo hili masikio yananiwaka mpaka leo, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Patsy, maana wao hulisimulia wakicheka, na mimi siwezi.

Ilikuwa miaka ile mamluki wa kizungu walipoishika Komoro. Nilikuwa nimerudi Moroni kutoka chuo Dar es Salaam, kichwa kimejaa maswali, na swali lililonikera zaidi lilikuwa hili: kwa nini nyua zetu zimejaa mimea ya wageni? Mlangilangi uliletwa, mkarafuu uliletwa, vanila ililetwa, sasa ya kwetu iko wapi? Nikaamua kupanda bustani ya mimea ya visiwani tu. Ofisi ya kilimo wakanipa kijitabu cha Kifaransa, nikakisoma chote, kumbe ni vanila tu mwanzo hadi mwisho. Sokoni Volo Volo muuza mboga akanicheka, "Mwanangu, mti wa porini nani ataununua? Nenda Ndzuani ukawaulize wazee."

Basi nikavuka kwa boti hadi Mutsamudu, bandari ya kisiwa hicho cha Ndzuani, nikapanda mlima mpaka Patsy kwa Koko Zaharia, shangazi yake mama (koko ndiyo bibi kwetu), mjane anayejua kila jani la huko juu. Akafurahi kweli. "Ngoja niswali adhuhuri, mjukuu wangu, kisha nikuzungushe. Mti hauchukuliwi kabla ya kuuliza ni wa nani."

"Koko, mti wa porini una mwenyewe?" nikamjibu, nikajiona hodari. Boti ilikuwa inaondoka alasiri, na mimi kungoja sikujui.

Nikaenda peke yangu. Nyuma ya shamba lake nikakuta mimea ya majani marefu kama panga, kumi na miwili, imejipanga mstari mmoja kuteremka hadi korongoni, nikaing'oa yote na mizizi yake, nikaitia guniani. Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji kwa nini mmea wa porini usimame mstari! Tena kwa ustaarabu wangu nikafukia mashimo, nikashindilia udongo, nikatandaza majani makavu juu.

Bandarini Mutsamudu kulikuwa na askari, na mzungu mmoja wa mamluki, na wakati huo kila aliyesoma Dar alishukiwa kuwa mpinzani wa serikali. Wakamwaga gunia mbele ya abiria wote.

"Nini hii?"

"Mimea ya asili," nikasema. "Ya bustani."

Mzee mmoja wa Patsy, aliyeniona nikitoka shambani kwa Koko na gunia, akajipenyeza kutoka nyuma ya foleni. "Ya asili? Hiyo si mipaka ya Zaharia? Jamani, huyu kaiba mipaka!"

Bandari nzima ikaangua kicheko. Askari mmoja akamtafsiria yule mzungu, naye akacheka mpaka akafuta machozi, mtu aliyekuja na bunduki kuchukua nchi nzima ananicheka mimi kwa mimea kumi na miwili, kisha akanipungia mkono niende zangu. (Chuoni Dar nilikaa chumba kimoja miaka mitatu na Mchaga aliyenieleza masale yanavyopandwa kugawa mashamba kwao. Nilimwona mshamba.)

Ningerudi Patsy saa ile ile, mambo yangepona. Lakini niliona haya, nikajificha na gunia langu kwa rafiki pale Mutsamudu siku mbili, na siku zote mbili mvua ikanyesha.

Nilipofika, wazee walikuwa shambani, na jirani aliyelitamani shamba hilo miaka mingi alikuwa akionyesha mahali alipodai mpaka ulipita, hatua ishirini ndani ya shamba la Koko, mikarafuu sita ya Koko ikiangukia upande wake yeye. Hati hakuna, mimea ndiyo iliyokuwa hati.

"Mashimo yako wapi?" Koko akaniuliza. "Waonyeshe tu mashimo."

Nikainama nikipekua majani kama kuku. Sikuona hata moja, nilikuwa nimefanya kazi safi mno. Wazee wakaamua kwa mstari wa jirani, na mimi ndiye niliyeamriwa kuipanda upya ile mimea penye mstari huo, kijiji kizima kikitazama.

Siku hizi siulizi mmea unaitwaje kabla sijauliza nani aliupanda, na nikiambiwa ngoja, nangoja. Mwaka uliofuata nilikwenda kumwomba Koko radhi, tukasimama penye mstari ule mpya. Mimea yote kumi na miwili ilikuwa imechipua.

"Imeshika vizuri, mjukuu wangu," akasema, akiitazama iliyokuwa mikarafuu yake sita, ng'ambo ya pili. "Una mkono wa kupanda."