Kabati la Vitabu Lisilo na Mulango

Nilisoma miaka miwili tu. Pamoja na hayo, siku zile za mwanzo wa uhuru, hapakuwa seremala wa kunishinda toka hapa ziwani mpaka mji wa Kongolo. Viti vya parokia ni mikono hii. Anayebisha aende akavikalie.

Wabeleji walipokimbia, madamu mumoja niliyekuwa namutengenezea meza aliniachia sanduku la vitabu vya watoto, vya Kifaransa, picha kila ukurasa. Nilivipeleka kwenye shule ya binti yangu, darasa la tatu, pamoja na kabati jipya lenye mulango wa kioo. Mwalimu akanishukuru mbele ya wazazi. Kisha akalifunga kabati, ufunguo akautia mufukoni.

Miezi ikapita. Siku moja binti yangu akaniambia, "Papa, vile vitabu tunaviona kwenye kioo tu."

Kesho yake asubuhi niliingia darasani bila hodi.

"Mwalimu, vitabu vyangu vimefungwa kwa kosa gani?"

"Vinangoja inspekta wa shule. Watoto hawa mikono inanuka samaki, hizi ndagala za ziwani, watavichafua."

"Na wewe ulisomeshwa na nini, kama si ndagala za baba yako?"

Watoto wakacheka. Akapiga meza kwa rula, wakanyamaza.

"Wewe fundi, kazi yako ni randa," akasema. "Kitabu, hata ukikishika juu chini, hutajua."

Nilitoa turnevisi, bisibisi yangu, nikafungua bawaba moja moja, nikauegemeza mulango ukutani. Yeye akabaki na ufunguo wake. Nikagawa vitabu, kimoja kwa watoto watatu, nikakaa kwenye dawati dogo na kuanza kuwaeleza picha: "Huyu bata mwenye kofia amepotea, anamutafuta mama yake."

Musichana mumoja wa mbele akasema polepole, "Hapana, Papa fundi. Haikuandikwa hivyo."

Mwalimu akacheka, peke yake, kwa nguvu. Kile kicheko sijakisamehe hata leo. Uso uliniwaka moto.

"Basi soma wewe," nikamwambia musichana.

Akasoma, kidole chini ya kila neno, kisha akawaelezea wenzake kwa Kiswahili. Bata hakupotea. Alikataa kuoga, akatoroka nyumbani kwao. Darasa zima likacheka, wa nyuma wakaja mbele, wakasukumana, wakamwambia afungue ukurasa mwingine. Hakuna aliyemutazama mwalimu tena, wala mimi. Yeye aliumia. Mimi nilivumilia.

"Rudisha mulango, fundi," akaniambia.

Niliubeba kichwani mpaka kwangu. Alituma muntu kuudai mara tatu, na mara tatu nilijibu kwamba kabati la watoto halina mulango, akitaka atafute fundi mwingine. Alitafuta mji muzima. Hakuna aliyekubali kugusa kazi yangu, na watoto wakaendelea kuchukua vitabu wapendavyo.